Mtoto Akilala Kwako Siku Mbili, Kodi ya Chumba Inahama?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi, Temeke, kwa wazazi na walezi waliokusanyika kuzungumzia watoto ambao baba na mama hawaishi tena pamoja. Wengi mlinipigia simu kwamba hamkuweza kufika. Naiweka hapa yote, kama nilivyoisema.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Naona akina baba mmekuja wengi. Nawashukuru kwa dhati. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka ishirini na minane mpaka nikastaafu, na mikutano ya namna hii ilikuwa ikijaa akina mama, na baba mmoja au wawili wamekaa karibu na mlango. Leo nimehesabu safu nne za akina baba. Karibuni. Sikuja kumsema mtu.

Nilipokuwa naingia, baba mmoja alinisimamisha pale getini. Ameniruhusu nilitoe swali lake bila kumtaja. Aliniambia hivi: "Mama, mwanangu siku hizi analala kwangu. Ijumaa jioni namfuata, Jumapili namrudisha kwa mama yake. Anakula kwangu, anaoga kwangu, akiumwa usiku nakesha mimi. Mbona hela ya matunzo ninayopeleka ni ile ile?"

Wazazi wangu, hilo ni swali la haki. Wapo watakaomwambia, "Wewe baba mbahili." Mimi simwambii hivyo. Mwanamume anayemfuata mtoto kila Ijumaa, akasimama naye kituoni kugombea daladala, huyo ni baba. Anastahili jibu la kweli. Naomba mnivumilie, maana jibu lenyewe ni refu, na mimi mwenyewe niliwahi kulikosea.

Nilikuwa bado mgeni kazini. Walikuja ofisini baba na mama wa binti wa miaka tisa. Baba alikuwa fundi wa magari. Mama alikuwa mama lishe, anapika na kuuza chakula karibu na gereji moja. Walikuwa wameachana kwa amani, na baba alikuwa akitoa shilingi 120,000 kila mwezi. Sasa wamekubaliana kulea kwa zamu, binti atakuwa kwa baba yake Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Baba akaniuliza swali lile lile la getini.

Mimi nikachukua kalamu. Nikasema siku tatu kati ya saba ni za baba, nne ni za mama. Nikagawanya 120,000 kwa saba, nikazidisha kwa nne, nikapata kama elfu sitini na nane na kitu. Nikapandisha kidogo, nikawaandikia 70,000. Wakasaini. Nilijiona nimetenda haki kabisa, maana hesabu ilikuwa sahihi.

Miezi minne baadaye yule mama alirudi peke yake. Hakuja na hasira, alikuja na daftari. Akaniomba nilisome. Binti yake alimgharimu 180,000 kwa mwezi. Chumba cha pili, kwa sababu binti amekua na hawezi kulala chumba kimoja na kaka wa mama yake, 40,000. Gari la shule 30,000. Masomo ya ziada na chakula cha mchana shuleni 20,000. Chakula cha nyumbani 60,000. Sare, viatu, sabuni, dawa, akiweka wastani, 30,000. Zamani baba alileta 120,000, mama akaongeza 60,000 kutoka kwenye sufuria zake. Ilikuwa inatosha.

Kisha akaniuliza, "Dada, mtoto akienda kwa baba yake Ijumaa, mwenye nyumba anapunguza kodi?"

Nikanyamaza.

"Gari la shule linapunguza nauli?"

Nikanyamaza.

Kilichokuwa kimepungua kwake ni chakula peke yake. Hata hicho, tulipokihesabu kwa milo na si kwa siku, tuliona binti anaondoka Ijumaa baada ya kula mchana shuleni na anarudi Jumapili kabla ya chakula cha usiku. Zile siku tatu zilikuwa na milo ya siku mbili tu. Siku mbili kati ya saba za chakula cha 60,000 ni kama 17,000. Mimi nilikuwa nimemkata 50,000. Kila mwezi nilikuwa nimemchimbia shimo la 33,000, kwa miezi minne.

Mnajua kodi za Dar es Salaam zinavyolipwa. Miezi sita kwa mkupuo. Ilipofika siku ya kulipa, mama hakuwa nayo. Akaachia kile chumba cha pili, wakahamia mbali zaidi, binti akabadilishwa shule katikati ya muhula. Kalamu yangu ndiyo iliyofanya hivyo. Nalisimulia kwa sababu najua hivi ninavyosema, mahali fulani kuna afisa, au mjomba, au mzee wa kanisa, anagawanya kwa saba.

Kwa hiyo, ndugu zangu, chakula kinahama. Kodi haihami. Chakula kinahama na mtoto, na nauli ya kwenda kutembea, na vocha, na juisi ya Jumapili. Kodi haihami. Ada haihami. Sare haihami, gari la shule halihami, bima haihami. Hizi zinabaki palepale hata mtoto akilala kwa baba yake usiku mia.

Halafu kuna gharama za aina ya tatu, na hapa nataka akina mama mnisikilize, kwa sababu sitaki ionekane nimekuja kuwatetea ninyi peke yenu. Kuna gharama zinazozaliwa upya. Yule fundi hakuwa na godoro la mtoto. Alinunua. Hakuwa na chandarua. Alinunua. Alikuwa akiishi chumba kimoja, na binti wa miaka tisa hawezi kulala hapo na baba yake milele, naye akaanza kutafuta chumba na sebule. Mtoto wa nyumba mbili anahitaji miswaki miwili, kandambili mbili, na nguo za kubadilisha kila upande. Kulea kwa zamu kunaongeza gharama za mtoto. Mtu asikudanganye kwamba kunazigawa. Wakati mtoto alikuwa na kitanda kimoja, sasa ana viwili, na hela ni ile ile.

Baba anaposema "nimeelemewa", mara nyingi anasema kweli. Mama anaposema "haitoshi", mara nyingi anasema kweli. Wote wawili wanasema kweli na bado wanagombana, kwa sababu kila mmoja anahesabu upande wake tu.

Sasa sheria inasemaje? Nitapita hapa haraka kidogo, kisha nitasimama mahali pamoja.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema baba ana wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe wanakaa naye au wanakaa na mtu mwingine, kwa malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake, isipokuwa kama kuna makubaliano au amri ya mahakama inayosema vingine. Na mama naye anabanwa na wajibu huo pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Masheikh wetu hapa hawashangai. Katika mafundisho yao hadhana, yaani kukaa na mtoto na kumlea, na nafaqa, yaani matunzo, ni vitu viwili: mtoto anaweza kuwa mikononi mwa mama na nafaqa ikabaki shingoni mwa baba.

Ikaja Sheria ya Mtoto, namba 21 ya mwaka 2009. Wazee mnakumbuka kabla ya hapo mtoto wa nje ya ndoa alikuwa na sheria yake ya tangu ukoloni, na kikomo cha matunzo kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia! Sheria ya 2009 iliifuta. Badala ya kuweka kikomo kingine, ikamwambia hakimu atazame mambo. Atazame kipato na mali za wazazi wote wawili. Nasema wote wawili. Atazame kama kuna kitu kimepunguza uwezo wa anayetakiwa kulipa. Atazame watoto wengine anaowatunza. Atazame gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Na haki za mtoto.

Je, mmesikia popote nimetaja idadi ya siku anazolala kwa nani? Hamjasikia, kwa sababu haimo katika orodha hiyo. Hapa kwetu hakuna jedwali linalosema usiku kadhaa ni shilingi kadhaa. Siku zinaingia kwa mlango mwingine, mlango wa gharama. Ukienda mbele ya hakimu ukasema tu "mtoto yuko kwangu siku tatu", hujasema kitu. Ukisema "tangu mtoto aanze kulala kwangu nimechukua jukumu la gari la shule na chakula cha siku hizi, na hii hapa ni miamala ya simu", hapo umesema kitu.

Nina mpwa wangu yuko Uingereza, naye ameachana na mzazi mwenzake. Yeye aliniambia, "Shangazi, huku wanahesabu usiku." Ni kweli. Kule kuna idara ya serikali inayokokotoa matunzo kwa wazazi ambao hawajaelewana wenyewe. Kwa kiwango cha kawaida, mtoto mmoja ni asilimia 12 ya kipato cha mzazi anayelipa kabla ya kukatwa kodi ya mapato, wawili ni asilimia 16. Kisha wanahesabu usiku wa mwaka mzima. Mtoto akilala kwa anayelipa usiku 52, malipo yanapungua kwa sehemu moja ya saba. Ukifika 104, sehemu mbili za saba. Ukifika 156, tatu. Ukifika 175, yanakatwa nusu, na bado zinapunguzwa pauni 7 zaidi kwa wiki kwa kila mtoto.

Uzuri wake ni kwamba kila mtu anajua mapema. Hakuna kubembelezana. Lakini tazameni hizo ngazi. Usiku wa 51 na usiku wa 52 vina tofauti gani kwa mtoto? Hakuna. Kwa wazazi kuna tofauti ya sehemu ya saba. Mpwa wangu na mzazi mwenzake waligombana wiki mbili kwa ajili ya usiku mmoja wa Krismasi. Mtoto akajua kwamba ule ugomvi unamhusu, hakujua ni wa hela.

Sisi tusikimbilie jedwali la namna hiyo. Asilimia 12 ya nini? Dereva wa bodaboda hana hati ya mshahara. Mvuvi wa Feri leo ana hela, kesho bahari imechafuka. Mkulima wa korosho anapata hela kwa msimu. Hakimu wa kwetu akipewa nafasi ya kutazama hali halisi, ni heri kuliko jedwali. Ila kitu kimoja ningependa tukiazime: wao wanaandika. Siku zimeandikwa. Sisi tunaishi kwa "si tulikubaliana?"

Wenzetu Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, wameandika kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Napenda maneno hayo. Lakini nimesikia watu wakiyatafsiri kuwa "nusu kwa nusu". Mmoja anapata laki tisa, mwingine laki mbili, halafu mnagawana ada katikati? Huo ni wajibu sawa, au ni mzigo sawa juu ya migongo isiyolingana?

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi kuliko hesabu.

Kuna siku za kweli na kuna siku za karatasi. Nilimhoji mtoto mmoja wa kiume, darasa la tatu, kwa ajili ya taarifa ya mahakama. Baba yake alikuwa ameomba matunzo yapunguzwe kwa sababu mtoto yuko kwake wiki nzima, kila wiki ya pili. Nikamuuliza mtoto, "Ukiwa kwa baba, asubuhi nani anakupa chai?" Akasema, "Bibi." Nani anafua sare? "Bibi." Nani anakagua daftari? Akafikiri, akasema, "Bibi hajui kusoma." Na baba anakuja lini? "Akija."

Wazazi wangu, zile siku zilikuwa za nani? Baba anazitumia kupunguza hela kwa mama, na hela aliyoipunguza haikwenda kwa bibi. Bibi analisha mjukuu kwa vitumbua anavyouza alfajiri, na hakuna karatasi hata moja iliyomtaja. Sisemi mtoto asiende kwa bibi. Mimi nimelelewa na bibi. Nasema ukiomba upunguziwe kwa sababu ya siku, basi siku hizo ziwe zako. Na kama ni za bibi, hela imfuate bibi.

Nikiwageukia akina mama, nina swali moja. Ni nani kati yetu hajawahi kusikia, au kusema, "Hajatoa hela mwezi huu, basi mtoto haendi"? Nilimkuta mtoto wa miaka sita amekaa kwenye ngazi na begi lake mgongoni tangu saa tisa. Saa kumi na mbili alikuwa bado amekaa. Baba alikuwa amefika, akarudishwa njiani kwa simu, kwa sababu ya elfu thelathini. Mama alikuwa anamwadhibu baba. Aliyekuwa amekaa kwenye ngazi alikuwa nani?

Na akina baba mna yenu: "Hanionyeshi mtoto, sitoi." Unamnyima nani? Mama atakula tu.

Sheria ya Mtoto imeandika kwamba wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kile alichokuwa nacho kabla. Ana haki ya kuishi na mzazi ambaye mahakama inaona atamlea vizuri zaidi. Na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine kila anapotaka, mradi isivuruge masomo yake. Haki hizo zote ni za mtoto. Hela ni yake na siku ni zake. Mali ya mtoto huwezi kuiweka rehani kwa deni la mtu mwingine.

Niongeze hili kwa sababu linaulizwa kila mahali. Ile miaka saba. Baba anasubiri mtoto afikishe saba aje amchukue na aache kulipa. Sheria inachosema ni kwamba mtoto wa chini ya miaka saba inadhaniwa ni vema awe na mama yake, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haikusema kwamba akitimiza saba anahama mwenyewe kama mkataba ulioisha. Imesema pia hakimu aangalie madhara ya kumhamishahamisha mtoto.

Basi mfanyeje? Nitawasimulia wazazi waliofanya vizuri, kwa sababu wapo.

Baba ni mhasibu, mama anashona. Baba anapata kama mara mbili ya mama. Watoto wawili, wanalala kwa baba siku tatu, kwa mama siku nne, na nyumba zao ziko mtaa mmoja. Hawa hawakuanza na kiasi. Walianza na orodha. Waliandika kila kitu ambacho watoto wanahitaji kwa mwaka, kikubwa na kidogo, hata kunyoa nywele. Kisha wakapiga mstari. Vile visivyohama, yaani ada, sare, gari la shule, bima na kodi ya chumba cha watoto kwa mama, wakavigawa kwa kipato: baba mafungu mawili, mama fungu moja. Vile vinavyohama, kila mmoja analipa mtoto akiwa kwake. Hakuna kudaiana juisi. Na vile vya ghafla, hospitali, wakaweka kiasi: kikizidi 20,000, simu inapigwa kwanza, kisha mafungu yale yale.

Wakaandika, wakasaini mbele ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hela zinapita kwenye simu, na kila muamala una ujumbe: "sare", "ada muhula wa pili".

Baada ya mwaka mmoja na nusu baba alipoteza kazi. Hapa ndipo wengi wanapozima simu. Yeye alirudi ofisini na barua ya kuachishwa kazi, tukakaa wote watatu, wakageuza mafungu kwa muda. Sheria inaruhusu. Hata makubaliano mliyoyaandika wenyewe, hata amri ya mahakama, hali ikibadilika yanaweza kurekebishwa kwa faida ya mtoto. Lakini lazima urudi useme. Mahakama haiwezi kuona kwamba gereji yako imefungwa.

Sasa nirudi kwa baba yangu wa getini. Nilichelewa kupanda jukwaani, mwenyekiti atanisamehe, kwa sababu tulikaa kwenye lile benchi na mzazi mwenzake, ambaye naye yupo humu ndani. Tukahesabu milo ya wiki. Tukapata kwamba kinachohama kweli ni kama 20,000 kwa mwezi. Mama akasema, "Hiyo naikubali." Hakubisha hata dakika moja.

Kisha tukafika kwenye viatu vya shule. Baba akasema amenunua mwezi uliopita, 35,000. Mama akamtazama, akasema, "Na mimi nimenunua." Mtoto alikuwa na jozi mbili mpya, na hakuna aliyejua kuhusu ya mwenzake, kwa sababu tangu Januari wamekuwa wakipeana mtoto barabarani bila hata salamu. Tukakuta na mabegi mawili. Tukakuta dawa ya minyoo amepewa mara mbili katika wiki moja, huku na huku.

Tulipofika hapo, ile 20,000 hakuna aliyeitaja tena. Walikuwa wanaulizana kuhusu dawa.

Nimeongea vya kutosha. Yule mama pale nyuma mwenye kitenge cha bluu ameinua mkono tangu nilipotaja bibi. Naomba apelekewe kipaza sauti.